Nani kafiwa Kondoa?

Najua nimepotea. Kazi za gazeti zimenibana, na huku Moshono umeme nao una mambo yake. Ila kuna jambo limenikaa kooni karibu miezi mitatu sasa. Niliandika makala, makala ikakosa nafasi gazetini, basi nalileta hapa kwenu.

Nianze na swali. Ni lini mara ya mwisho ulipanda basi kwenda mji mdogo wa nchi hii ambako huna ndugu, hujatumwa na ofisi, hakuna harusi, hakuna msiba na hujaitwa kwenye usaili? Usinitajie Zanzibar, huko kila mtu anakwenda kupiga picha. Nasema Pangani, Kilwa Kivinje, Ujiji, Mpwapwa, Kondoa. Mimi hadi mwaka huu jibu langu lilikuwa: haijawahi kutokea. Na mimi ni mtoto wa Arusha, mji unaokula na kusomesha watoto kwa fedha za watu wanaosafiri bila kufiwa.

Aibu yangu ilianza zamani kidogo. Nikiwa chuo, wakati wa likizo nilikuwa namsaidia binamu yangu, dereva wa watalii, kuosha gari na kupakia mizigo. Siku moja alikuwa na wageni wa Kifaransa, mume na mke wa makamo. Tukiwa tunasubiri chakula chao cha njiani, yule mama akanionyesha picha za kijiji kilichojengwa chote kwa mawe mekundu, kuanzia kanisa mpaka soko. Kinaitwa Collonges-la-Rouge, katikati ya Ufaransa kwa upande wa kusini-magharibi. Akasema kila mwaka wao wawili huchagua vijiji viwili vitatu vya zamani vya nchi yao, wanakwenda kulala huko, wanakula chakula cha huko na kumsikiliza mwenyeji akieleza nani alijenga nini. Halafu akaniuliza: "Na mji wenu wa zamani uko wapi?"

Nikajibu bila kufikiri: "Kesho mnakwenda Serengeti."

Akacheka, lakini kwa upole. "Sijauliza wanyama," akasema. "Nimeuliza watu."

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikaingia intaneti kusoma habari za vijiji vyake. Nilidhani Wafaransa wamerithi tu vitu vizuri vikiwa vizima. Kumbe wapi! Mwaka 1834 mkaguzi wa majengo ya kale wa nchi yao, Prosper Mérimée, alifika mji mdogo wa Vézelay akakuta kanisa la karne ya 12 liko karibu kuanguka. Mwaka 1840 kazi ya kuliokoa ikapewa kijana wa miaka 26, Eugène Viollet-le-Duc. Miaka ishirini na sita, wadau! Sisi umri huo bado tunaambiwa tusubiri kwanza wakubwa waongee. Na Collonges? Mwaka 1982 meya wake, Charles Ceyrac, alikusanya wenzake wa vijiji vingine, wakawa 66, wakaanzisha chama cha vijiji vizuri kuliko vyote vya Ufaransa. Masharti yake hayana mapambo: wakazi wasizidi 2,000, na kijiji kiwe na angalau sehemu mbili zinazolindwa kisheria. Leo viko zaidi ya 170. Ceyrac hakusubiri rais. Alikuwa meya wa kijiji, cheo ambacho kwetu ungekilinganisha na mwenyekiti wa kijiji.

Swali la yule mama nilitembea nalo miaka. Mwaka huu, nikiwa na likizo ya siku nne, nikaamua kulijibu kwa miguu yangu. Nikachagua Kondoa.

Kwa nini Kondoa? Kwa sababu nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilisoma Dodoma miaka mitatu, na kila kufungua na kufunga chuo basi lilipita njia ile ya Babati. Kondoa kwangu ilikuwa mahali pa kununua mahindi ya kuchoma dirishani, kisha kuendelea na usingizi.

Safari hii sikulala. Ukitoka Arusha, kama kilomita 80 hivi, unafika Makuyuni. Pale ndipo nchi inapogawanyika. Magari ya watalii yanakata kulia kwenda Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro. Basi letu likanyoosha: Minjingu, Magugu, Babati, Bonga, Bereko. Nilihesabu magari ya watalii yaliyokata kulia mbele yetu, yakafika tisa. Lililonyoosha nasi ni sifuri.

Njia hiyo hiyo, Aprili 1916, ilipitwa na jeshi la Afrika Kusini la Jenerali van Deventer, likipigana upande wa Waingereza. Walitoka Arusha, wakauteka mlima Lolkisale, wakashuka kusini mvua za masika zikiwapiga na farasi wakifa kwa mamia. Tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa-Irangi. Usiku wa tarehe 9 Mei von Lettow-Vorbeck akaja na askari wake kuurudisha mji, akashindwa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa pale ninaponunua mahindi! Shuleni nilifundishwa chanzo cha vita hiyo, nikakariri jina la mrithi wa kiti cha enzi aliyeuawa Sarajevo, nikapata alama zangu. Kondoa haikuwa kwenye mtihani.

Nikashuka kwanza Kolo, kijiji cha njiani kabla ya Kondoa mjini, kilomita zisizofika 30. Pale kuna ofisi ya mambo ya kale. Mwongozaji alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mzungu ninayemsindikiza, akauliza: "Uko peke yako?" Nikamwambia niko peke yangu. "Unafanya utafiti?" Hapana. "Mwalimu?" Hapana, nimekuja kutazama tu. Akachukua fimbo yake tukapanda mlima, lakini niliona bado hajaniamini.

Juu kule, chini ya majabali, kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa kama vimevikwa kitu, wengine kama wanavutana mkono. Kuna twiga, tembo, swala. Wataalamu wanazihusisha picha nyekundu na wawindaji wa kale, na zile nyeupe na watu waliokuja baadaye. Michoro ya eneo lile imetapakaa kwenye mapango zaidi ya 150, ndani ya kilomita za mraba 2,336. Mwaka 1951 Mary na Louis Leakey walizunguka wakiinakili, na mwaka 2006 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, orodha ile ile iliyo na Serengeti na Ngorongoro. Na si makumbusho yaliyokufa. Mwongozaji alinionyesha mahali ambapo wazee wa pale bado wanafanya matambiko, ya mvua na ya magonjwa. Nilikaa saa nzima. Hakupita mtu mwingine.

Jioni nikaingia Kondoa mjini, nikatafuta gesti. Mnalijua lile daftari la wageni: jina, kabila, utokako, uendako, sababu ya safari. Kwenye sababu nikaandika "matembezi". Dada wa mapokezi akasoma, akacheka hadi akashika meza.

"Matembezi Kondoa? Kaka, andika kikazi. Mkaguzi akija ataniuliza maswali."

Nikafuta, nikaandika kikazi. Hadi leo najilaumu kwa kule kufuta.

Asubuhi nikatembea. Kondoa haina minara ya kupigia picha. Ina miti mikubwa, misikiti, chemchemi ya maji safi ambayo wenyeji wanaisifia kuliko kitu chochote, na nyumba za zamani za udongo na mawe zenye baraza mbele, mtindo uliopandishwa huku na watu wa pwani waliofuata njia ya misafara karne ya 19. Mjerumani alipokuja akaufanya mji huu makao ya utawala. Kisha reli ya kati ikapita kusini, ikafika Dodoma mwaka 1910, na kuanzia hapo Dodoma ikaota pembe na Kondoa ikabaki pembeni. Mji mdogo mara nyingi ni mji mkubwa uliokosewa na reli.

Kwenye baraza moja nikamkuta mzee. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Nani kafiwa?"

Nikamwambia hakuna aliyefiwa, babu, nimekuja kuuona mji. Akanyamaza kidogo. Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau: aliinuka, akavaa kofia yake, akanizungusha mji mzima kwa mguu. Saa tatu! Akaniambia nyumba hii ilikuwa ya nani, hapa walikuwa wanapumzisha punda, huyu alileta cherehani ya kwanza. Akanieleza jinsi udongo ulivyokuwa unaondoka na maji hadi makorongo yakameza mashamba, na jinsi mwaka 1979, chini ya mradi wa serikali wa kuhifadhi ardhi, ule HADO ulioanza 1973, mifugo yote iliamriwa kuhamishwa kutoka maeneo yaliyoharibika. Alisimulia namna ng'ombe wa baba yake walivyoondoka wakilia usiku. Kwa umbali wa kilomita chache akanihesabia lugha: Kirangi ambacho ni Kibantu, Kiburunge na Kiasi ambazo ni ndugu wa lugha za Wairaqw, Kisandawe chenye vidoko, na Kimasai pembeni. Baadaye nikasoma kwamba wataalamu wa lugha wanalitazama eneo hili kwa mshangao, kwa kuwa koo kubwa za lugha za Afrika zinakutana hapa kama kituo cha daladala.

Tukarudi barazani kwake. Akanigonga goti. "Nyumba hii aliijenga babu yangu. Wajukuu wangu wanataka kuibomoa wajenge fremu. Wewe si mwandishi? Ukiandika, wataacha?"

Nikamwambia nitaandika.

Nimeandika. Mhariri wangu, mtu ninayemheshimu na asiye na ubaya wowote, alisoma aya mbili akaniuliza: "Habari iko wapi hapa? Mgeni rasmi alikuwa nani?" Nikasema hakuwepo. "Kuna mtu amekufa?" Nikasema hapana. Akanirudishia. Nikaona kumbe swali la gazeti ni lile lile la baraza la Kondoa: nani kafiwa? Mji kwetu hauwi habari mpaka aende kiongozi au lipinduke basi.

Nilimpigia simu yule mzee mwezi uliopita. Akapokea mjukuu wake. Babu ni mzima, yuko kwa binti yake. Nyumba imeshabomolewa. Fremu nne, mbili zimekwisha kupata wapangaji. "Karibu tena, kaka," akasema, na alimaanisha.

Sasa hapa naomba tusikimbilie kumlaumu yule kijana, kwa sababu ndiyo hoja yangu. Kwanza, hakuvunja sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze rasmi. Hesabuni wenyewe: maboma yote ya Mjerumani na nyumba nyingi za miji ya misafara zinaangukia upande wa kusubiri. Pili, fremu moja inalipa kodi kila mwezi. Baraza la babu lilikuwa linalipa nini? Mgeni pekee aliyekuja kulitazama ni mimi, nikanywa chai ya bure, nikaondoka.

Nadhani tunalaumu vibaya tunaposema serikali haitunzi historia. Serikali ina sehemu yake, na tarehe ile ya 1863 ingefaa iangaliwe upya. Lakini hata ukiweka kibao cha wizara kwenye kila ukuta, nyumba ambayo hakuna mtu anayekuja kuiona ni mzigo kwa mwenye nayo. Kilichookoa Collonges si sheria peke yake. Ni akina yule mama, Wafaransa wa kawaida wanaotembelea vijiji vyao na kuacha fedha ya kitanda na ya supu. Sisi barabara ya Babati hadi Dodoma, kilomita 251 za lami, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla yake watu walikuwa wanalala Kondoa kwa kulazimika, kwa vumbi na matope. Sasa tunapita mchana mmoja. Lami imeleta wapita njia, haijaleta wageni.

Najua kuna watakaosema: wewe umeshiba. Mtu ana watoto watatu wanaosoma, atapata wapi nauli ya kwenda kutazama kuta? Ni kweli, na siwaambii hao. Nawaambia sisi tunaokutana Njiro kila Ijumaa na kuacha mezani, kwa usiku mmoja, fedha ambayo ingetosha nauli ya kwenda Kondoa na kurudi na gesti ya usiku mmoja. Mimi nilipiga hesabu yangu mwenyewe, nikaona haya.

Wengine watasema wageni nao huharibu. Hilo pia kweli. Collonges ina wakazi wa kudumu mia chache tu, na kiangazi wanazidiwa na wageni. Mji Mkongwe wa Zanzibar tunaona wenyewe jinsi nyumba za familia zinavyogeuka hoteli. Lakini Kondoa haijaumwa na ugonjwa huo. Anayekufa kwa njaa humtishi kwa habari za kisukari.

Na kabla sijaonekana nanyooshea kidole watu wa mbali, nirudi hapa Moshono. Nimezaliwa chini ya kilima ambacho malori yanakibeba kidogo kidogo kama moramu kwenda kujenga mji. Aprili 2013 kifusi kiliporomoka kwenye machimbo yale kikaua watu zaidi ya kumi, vijana wengi wao. Nilikuwa mdogo, nakumbuka vilio. Mgeni akinijia leo akaniuliza Moshono ina nini, nitamjibu ina mawe mazuri ya ujenzi? Wazee wanaojua majina ya vijito na ya watu waliokaa hapa kabla ya shamba la kahawa la kwanza, wapo bado. Sijawahi kukaa na hata mmoja wao saa tatu. Ilibidi niende Kondoa ndipo nijue kwamba mzee anaweza kukuzungusha mji kwa mguu ukimwomba.

Kwa hiyo maoni yangu ni madogo. Mwaka huu chagua mji mmoja. Watu wa Arusha, Kondoa ipo umbali wa asubuhi moja. Watu wa Dar, Bagamoyo si ya semina peke yake, na Pangani haipo mbali hivyo. Mliopo kusini, Mikindani, ambako boma la Mjerumani liligeuzwa hoteli, mwende muone jengo la zamani linavyoweza kulipa mishahara. Lala usiku mmoja, kula kwa mama ntilie wa pale, mtafute mzee, mwambie hujafiwa. Walimu mlio huku, ile safari ya darasa ambayo kila mwaka inaishia kwenye viboko na nyani, mwaka mmoja pelekeni watoto Kolo. Na sisi waandishi, angalau mara moja kwa mwezi, tupeleke mezani kwa mhariri habari isiyo na mgeni rasmi, tukataliwe, tupeleke tena.

Mimi narudi Kondoa mwezi wa kumi na mbili. Nitalala gesti ile ile. Dada yule akinipa daftari, safari hii sifuti.

Ni mtazamo wangu tu. Kama una mji wako, nitajie nami niupange.